Mwanga Umegusa Nini? Kulisoma Tope la Taka za Nyuklia Likiwa Bombani

Hotuba kwa mafundi maabara, wahandisi wa mitambo na wanafunzi wa sayansi, Arusha

Ndugu zangu mafundi, walimu wetu, wanafunzi mliotoka Tengeru na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Moshi, habari za asubuhi. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni.

Mtu akiisikia mada ya leo atauliza: Arusha na tope la nyuklia, wapi na wapi? Swali ni la haki. Tanzania haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme. Taka za mionzi tunazozishughulikia ni hasa vyanzo vilivyozibwa, vilivyomaliza kazi hospitalini na viwandani, na ghala kuu la kuvitunza lipo hapahapa Arusha chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Lakini kazi ya kupima tope kali lenye chumvi nyingi kwa pamoja, bila kulichota, itamkuta fundi yeyote atakayefanya kazi kwenye magadi ya Natron, kwenye uranium ya Mto Mkuju kule Namtumbo, au kwenye majitaka ya kiwanda. Taka za nyuklia ndizo ngumu kuliko zote. Ndiyo maana tunaanzia huko.

Tuangalie Hanford, jimbo la Washington, Marekani. Pale plutonium ya silaha ilizalishwa kuanzia 1944 hadi 1987, na kilichobaki kimelala chini ya ardhi katika matangi 177. Kati ya hayo, 149 ni ya ukuta mmoja na 28 ni ya kuta mbili. Kwa jumla ni zaidi ya lita milioni 200. Tangi moja kubwa hubeba karibu lita milioni 3.8. Matangi yalijengwa kwa chuma cha kawaida, na taka zilitoka kiwandani zikiwa na asidi, kwa hiyo zilimiminiwa sodiamu haidroksidi, ile ambayo watengeneza sabuni wetu wanaiita kostiki, ili zisiyatoboe. Matokeo yake ni mchanganyiko mzito wa besi uliojitenga wenyewe kwa miaka: juu maji ya chumvi, katikati chumvi iliyoganda, chini mashapo ya oksidi na haidroksidi za alumini, chuma na metali nyingine, humo ndimo strontiamu na plutonium zilipokaa kwa wingi. Ukitaka kulimaliza tangi unalikoroga, unalipampu, na hapo vyote vinakuwa tope moja linalopita bombani.

Mwisho wa safari ni tanuru. Taka huchanganywa na malighafi za kioo na kuyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 1150 za Selsiasi, kisha kioo hicho kinamiminwa kwenye mapipa ya chuma cha pua. Savannah River, South Carolina, wanafanya hivyo tangu 1996. Na tanuru lina masharti. Nitreti na nitriti zikiwa nyingi, kilichomo hutoa povu na gesi za nitrojeni, kwa hiyo kwenye taka za mionzi midogo za Hanford huongezwa sukari, ndiyo, sukari ya kawaida, kwa kiasi kinachopigiwa hesabu kutokana na nitreti na nitriti zilizomo. Sukari ikipungua, povu linapanda. Ikizidi, metali zilizomo kwenye kioo zinanyang'anywa oksijeni na kuleta matatizo mengine. Salfeti nayo haipendi kukaa ndani ya kioo: ikizidi inajitenga juu ya kioo kilichoyeyuka kama tabaka la chumvi ya majimaji, inabeba kromati, na inakula metali za tanuru. Basi anayelisha tanuru lazima ajue kiasi cha nitreti, nitriti na salfeti kabla ya kufungua vali.

Njia ya zamani ni kushusha chupa tangini, kuivuta, kuiweka ndani ya kasha la metali ya risasi, kuipeleka maabara, na kuipima kwa mikono ya mashine nyuma ya ukuta mnene. Majibu yanakuja baada ya siku nyingi, mara nyingi wiki, na kila chupa ina gharama ya mionzi kwa watu waliolishika kasha. Wakati huo tangi limeshakorogwa tena, limeongezwa maji, limepoa. Jibu ni sahihi, ila ni la tope ambalo halipo tena.

Mwanga unaleta jibu kwa dakika moja. Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe.

Chombo cha kwanza ni spektroskopia ya Raman, iliyopewa jina la C. V. Raman wa India, aliyeugundua mtawanyiko huo 1928 na kupata tuzo ya Nobel 1930. Unapiga leza ya rangi moja kwenye tope. Karibu mwanga wote unaotawanyika unarudi na rangi ileile. Sehemu ndogo mno, kama fotoni moja kati ya milioni kumi, inarudi ikiwa imepungukiwa nishati, kwa sababu njiani imeitikisa molekuli. Kiasi kilichopungua ndicho alama ya molekuli hiyo. Tunakitaja kwa namba ya wimbi, yaani idadi ya mawimbi ndani ya sentimita moja. Nitreti iliyoyeyuka hutoa kilele karibu na 1048. Kaboneti 1066. Salfeti 981. Fosfeti 936. Kromati 847. Alumineti karibu 620. Nitriti ina kilele karibu 1330 na kingine karibu 815.

Chukueni kalamu tufanye hesabu moja, maana asiyeifanya kwa mkono hataelewa kwa nini kamera fulani inafaa na nyingine haifai. Leza ya nanomita 785: gawa 10,000,000 kwa 785, unapata 12,739. Toa 1048 ya nitreti, inabaki 11,691. Gawa tena 10,000,000 kwa hiyo, unapata nanomita 855.4. Hapo ndipo kamera yako itakiona kilele cha nitreti. Sasa jaribuni mkanda mkubwa wa maji, ulio karibu 3400. Mtapata takriban nanomita 1071, na huko kamera ya silikoni imeshakuwa kipofu. Kwa hiyo mwenye leza ya 785 analazimika kuutumia mkanda mdogo wa maji, ule wa 1640, unaoangukia nanomita 901. Mwenye leza ya kijani ya 532 anauona mkanda mkubwa wa maji bila shida, pamoja na haidroksidi kwenye 3610 hivi, lakini atasumbuliwa zaidi na mng'ao wa mabaki ya kemikali za kaboni, ambao hupanda kama mlima chini ya vilele na kuvizamisha. Kwa tope lenye uchafu mwingi wa kaboni tunashauri 785. Kwa anayehitaji haidroksidi, 532 haikwepeki.

Chombo cha pili ni infraredi ya mguso. Kipande cha almasi kinachovya uso wake kwenye tope. Mwanga wa infraredi unadunda ndani ya almasi, na pale unapodunda unachungulia nje kwa mikromita 1 hadi 2 tu. Unywele wa mtu ni makumi ya mikromita. Kwenye tabaka jembamba hivyo, kinachogusana na almasi ni maji, chembe ngumu hazipati nafasi ya kutosha. Basi chombo hiki kinasoma majimaji ya tope na kuziruka chembe. Raman inasoma vyote viwili, majimaji na chembe, popote mwanga wa leza unapofika.

Hapa ndipo penye neno letu la leo, na tungependa mtoke nalo hata mkisahau mengine: kabla hujauliza tope lina nini, uliza mwanga umegusa nini.

Tutoe mfano mmoja na kukaa nao, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa linalofanyika kwenye kazi hii. Tope limejaa sodiamu nitreti na lina kaboneti kidogo. Lipo moto kiasi, tuseme nyuzi 50, na kila kitu kimeyeyuka. Raman inaonyesha kilele kirefu kwenye 1048 na kijilima pembeni kwenye 1066. Usiku bomba linapoa. Asubuhi programu inasema nitreti imepungua na kaboneti imepanda maradufu. Mhandisi anakuna kichwa: kaboneti imetoka wapi? Wapo watakaosema hewa imeingia, kwa kuwa kostiki hunyonya kabonidioksidi na kutengeneza kaboneti, na ni kweli hunyonya. Lakini kwa kasi hiyo, hapana. Kilichotokea ni kwamba nitreti imeganda. Sodiamu nitreti ikiwa fuwele, kilele chake kinahama kutoka 1048 hadi 1068. Na 1068 imekaa mgongoni mwa kaboneti ya 1066. Programu iliyofundishwa kwa myeyusho safi pekee haijawahi kuiona fuwele, basi inaipa jina la jirani yake.

Hebu fikirini uamuzi unaofuata. Mhandisi akiamini kwamba nitreti imepungua, atapunguza sukari, na nitreti yote bado imo ndani ya tope, imegeuka chembe tu, inaelekea tanuruni. Zaidi ya hapo, hatajua kwamba bomba limeanza kubeba fuwele na linaelekea kuziba.

Infraredi ya mguso inatatua ubishi huu kwa haraka. Nitreti ndani ya majimaji imeshuka kweli, chombo kinaona. Kaboneti ndani ya majimaji haijabadilika, chombo kinaona pia. Ukiweka majibu mawili kando kwa kando, Raman ikisema kaboneti imepanda na infraredi ikisema haijapanda, tofauti hiyo ndiyo fuwele. Vilevile fuwele ya nitreti ina vilele vidogo karibu 724 na 1385 ambavyo kaboneti haina. Fundi mzuri anavitafuta kwa macho yake kwenye spektra ghafi, yaani mchoro wa vilele kabla programu haijauchakata, kabla ya kuamini jedwali. Tunasisitiza spektra ghafi. Programu inayotoa namba tu bila kukuonyesha mchoro isikae kwenye chumba cha kuendeshea mtambo.

Fosfeti ina hatari yake. Sodiamu fosfeti huganda ikiwa na molekuli 12 za maji kwa kila moja ya kwake, na fuwele zake ni kama sindano zinazoshikana na kuwa kitu mfano wa jeli. Uyeyukaji wake unashuka kwa kasi joto likishuka. Bomba lililokuwa linapita vizuri mchana linaweza kuziba kwenye kona moja iliyopoa, na bomba lenye taka za mionzi huliendei na spana. Kwa hiyo fosfeti ya majimaji na joto la bomba vitazamwe kwa pamoja kwenye skrini moja. Fosfeti ya infraredi ikianza kushuka huku joto likishuka, na hakuna aliyeongeza maji, usisimamishe pampu. Ongeza joto au maji ya kuchanganyia kwanza, mwendo ukiendelea. Tope likisimama ndipo linapoganda.

Na wenyeji wa hapa mna jambo la ziada la kuangalia: fluoridi. Tunaoishi chini ya Meru tunaijua fluoridi kwenye meno ya watoto wetu. Ndani ya matangi ya taka nayo ipo, na ikikutana na fosfeti na sodiamu nyingi hutengeneza chumvi ya pamoja yenye molekuli 19 za maji, inayoganda hata pale fosfeti peke yake isingeganda. Lakini Raman haiioni fluoridi. Mtetemo unahitaji atomu mbili au zaidi zilizoshikana, na fluoridi ni atomu moja pekee, sawa na kloridi, sodiamu na sesiamu. Elektrodi ya fluoridi mliyoizoea kwenye maji ya visima nayo haisaidii moja kwa moja, kwa kuwa haidroksidi nyingi inaidanganya. Itabidi kuchota sampuli, kushusha besi kwa bafa, ndipo upime. Kazi hiyo haina njia ya mkato.

Sesiamu-137 ina njia yake: mionzi ya gama ya kiloelektronivolti 662. Kigunduzi cha nje ya bomba kinaisoma bila kugusa kitu, ilimradi kipunguziwe mwanya wa kuingizia mionzi ili kisifurikwe. Hanford wanaitoa sesiamu kwenye maji ya juu ya matangi kwa kuyapitisha kwenye safu za silikati ya titani, kwa mtambo ulioanza Januari 2022, na kazi ya namna hiyo inahitaji kujua mapema safu imeshiba lini. Hatutakaa hapo sana leo.

Twende kwenye chembe zenyewe. Tope lenye chembe linapunguza vilele vyote vya Raman kwa mpigo, kwa kuwa leza inatawanyika kabla haijafika mbali na mwanga unaorudi haulengi tena kwenye faiba, ule uzi wa kioo unaobeba mwanga. Ukiongeza unga wa alumini haidroksidi kwenye myeyusho bila kubadilisha majimaji yake, kilele cha nitreti kinafupika sana, na mtu asiyejua ataandika kwamba nitreti imeshuka. Tiba ni kugawa kila kilele kwa mkanda wa maji wa spektra hiyohiyo, kwa kuwa maji nayo yamefupika kwa kiwango hichohicho. Unachopata ni kiasi cha chumvi kwa kilo ya maji, na huo ndio ukweli wa majimaji. Ukitaka kiasi kwa lita nzima ya tope, chembe zikiwemo, unahitaji pia kipimo cha msongamano, na bomba zuri huwa na mita ya Coriolis ya kukupa hicho.

Sasa vifaa, na tunaomba mwandike.

Dirisha. Kioo cha kawaida na hata kwatsi huliwa na kostiki ya moto, uso unakuwa na ukungu ndani ya muda mfupi. Yanabaki yakuti samawi na almasi. Wafanyabiashara wa vito wa mji huu wanajua kwamba mashine ya Raman hutumika kutambua mawe, na hapo ndipo penye mtego: jiwe la dirisha nalo lina vilele vyake. Almasi ina kilele kimoja kikali kwenye 1332. Nitriti ipo karibu 1330. Ukiweka dirisha la almasi kwenye kichwa cha Raman umeifunika nitriti kwa mkono wako mwenyewe, na kilichobaki ni kile kilele dhaifu cha 815. Yakuti ina kilele kikubwa kwenye 418 na vidogo karibu 645 na 750, kwa hiyo alumineti ya 620 inaguswa kidogo, lakini nyingine zinapumua. Kwa Raman weka yakuti. Almasi iache kwenye infraredi.

Metali iwe chuma cha pua cha daraja 316L. Msiruhusu kipande chochote cha alumini, hata skrubu: kostiki inaila na kutoa hidrojeni. Hidrojeni haitaniwi kwenye kazi hii. Taka zenyewe tayari zinaitoa, kwa kuwa mionzi inavunja maji. Kuna tangi moja la Hanford, SY-101, lililokuwa likikusanya gesi ndani ya mashapo na kuitoa kwa mshindo kila baada ya miezi, mpaka lilipowekewa pampu ya kukoroga 1993.

Gaskiti zisiwe za Teflon. Mafundi wengi wanaipenda kwa sababu inastahimili kemikali karibu zote, lakini chini ya gama inapukutika kuwa unga mapema kuliko plastiki nyingi. Tumieni mpira wa EPDM au muhuri wa metali. Gundi za ndani ya kichwa cha faiba nazo hugeuka njano kisha kahawia, kwa hiyo ulizieni kichwa kilichofungwa kwa metali.

Faiba. Spektromita, yaani mashine inayoupanga mwanga kwa rangi, na leza vikae mbali, nyuma ya ukuta, na faiba ya makumi ya mita iunganishe. Sababu ni mbili: usalama wa mtu anayeihudumia mashine, na kamera yenyewe, kwa kuwa kila mwale wa gama unaopiga kamera unaacha nukta kali inayofanana na kilele chembamba. Faiba ya kioo ikipigwa mionzi inapoteza uwazi, inapungua mwanga pole pole, hasa kwenye rangi za bluu. Kwenye nanomita 785 hadi 900 hasara ni ndogo zaidi. Chagueni faiba yenye kiini cha silika safi, na rekodini nguvu ya leza inayofika mwisho wa faiba kila mwezi. Faiba ya kupeleka leza na faiba ya kurudisha mwanga ziwe mbili tofauti, na chujio liwe kichwani kabisa, kwa sababu silika ya faiba yenyewe inatoa Raman pana chini ya 500, ambayo ikirudi pamoja na mwanga wenu mtakuwa mnapima faiba.

Mahali pa kufunga. Bomba la wima, tope likipanda, mbali na pampu na kona kwa angalau vipenyo kumi vya bomba. Sehemu ya juu kabisa ya bomba la mlalo hukaa mapovu, ya chini kabisa hukaa mashapo. Kichwa kielekezwe kwa mshazari wa nyuzi 45 dhidi ya mkondo ili tope lenyewe lilisugue dirisha. Mwendo wa chini ya mita 1 kwa sekunde unakaribisha chembe kutuama, ingawa kiwango halisi kinategemea ukubwa na uzito wa chembe.

Ukoko ndio adui mkubwa kuliko wote tuliowataja. Kama ukoko wa wali chini ya sufuria, unashika pale uso ulipo na joto tofauti na tope. Ukishashika dirishani, spektra inakuwa nzuri kupita kiasi: vilele vimesimama, havitikisiki, namba hazibadiliki saa nzima. Mgeni anafurahi. Anayejua anaingiwa na wasiwasi, kwa kuwa tope linalopita haliwezi kutulia hivyo, lazima namba zicheze kidogo. Hapo infraredi ndiyo inayoumia zaidi, maana tabaka la mikromita 5 tu linatosha kuifunika kabisa. Wekeni vali ya kurudishia maji moto yenye kostiki kidogo mbele ya dirisha, mpige dakika chache, mlinganishe spektra ya kabla na ya baada. Zikitofautiana, namba za tangu usafishaji uliopita zipigwe alama ya shaka kwenye daftari. Zisifutwe, zipigwe alama.

Kuhusu hesabu za programu tutasema kwa ufupi. Ondoeni kwanza nukta za gama kwa kupiga spektra mbili mfululizo na kuacha kinachotokea kwenye moja tu. Ondoeni mlima wa mng'ao kwa derivativu ya Savitzky–Golay au kwa kusawazisha msingi. Kisha modeli ya kulinganisha na michanganyiko inayojulikana, 40 au 50, iliyotengenezwa kwa mpangilio ambao hakuna chumvi mbili zinazopanda na kushuka pamoja. Nitreti na nitriti zikipanda pamoja katika kila mchanganyiko wenu, modeli haitajua ipi ni ipi. Wekeni kando kumi za majaribio ambazo modeli haijaziona. Na baadhi ya michanganyiko iwe na chembe, iwe na fuwele, iwe baridi na iwe moto. Modeli haiwezi kutambua kitu ambacho hamkuifundisha. Mkipata tope lisilofanana na chochote, pimeni ukubwa wa mabaki ambayo modeli imeshindwa kuyaeleza, na yakivuka mpaka mliouweka, mashine iseme haijui badala ya kutoa namba.

Mazoezi yote haya hayahitaji mionzi hata chembe. Hata huko kwenye matangi, kazi ya awali hufanywa kwa tope la mfano lisilo na mionzi. Kwa lita moja: maji yaliyochemshwa na kupozwa mililita 600, sodiamu haidroksidi gramu 40 kidogo kidogo huku mkikoroga kwa sababu inachemka, subirini ipoe, kisha sodiamu nitreti gramu 170, sodiamu nitriti 69, sodiamu kaboneti 32, sodiamu salfeti 7.1. Jazieni hadi lita moja. Ongezeni gramu 50 za unga wa alumini haidroksidi uwe chembe. Chombo kiwe cha plastiki ngumu, miwani na glavu zisikosekane, na kumbukeni nitriti ni sumu, isikae karibu na jiko wala chumvi ya mezani. Msitumie mbolea ya CAN au SA badala ya chumvi za maabara. Tunajua iko kila duka la pembejeo na bei yake ni nafuu, lakini ina amonia ndani yake. Ikikutana na kostiki itajaza chumba gesi ya amonia na mtatoka mkilia. Magadi ya Natron mnaweza kuyapima pembeni kwa mazoezi: mtaona kaboneti kwenye 1066 na bikaboneti kwenye 1017, vilele viwili vilivyotengana vizuri, ikiwa spektromita yenu inaweza kutenganisha namba 8 au chini.

Kwa mlio na nia ya uranium: uranili, yaani uranium iliyoshikana na oksijeni, kwenye asidi hutoa kilele karibu 870, kwenye kaboneti kinashuka hadi karibu 812, jirani kabisa na kile cha nitriti. Mchezo ni uleule.

Leza ya miliwati 300 ya nanomita 785 macho yanaiona kama wekundu hafifu tu, na inaweza kuunguza retina kabla hujapepesa. Miwani yake maalumu, mlango wenye swichi ya kuizima, na kichwa kisiwashwe kikiwa nje ya chombo.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, pimeni kidonge cha paracetamol. Hatutanii, paracetamol ni moja ya vipimo rasmi vya kuhakiki Raman duniani, na vilele vyake vinajulikana kwa desimali: 857.9, 1168.5, 1236.8, 1323.9, 1648.4. Kidonge kinapatikana duka lolote la dawa, na uchanganyaji wa unga wa kidonge haugusi sana vilele hivyo vikali. Spektromita ikihama kwa namba 2, kaboneti na nitreti iliyoganda zinabadilishana majina.

Mchana huu mezani mtakuta bika, jiko la umeme, beseni la barafu na kichwa cha Raman. Yeyusheni gramu 100 za sodiamu nitreti kwenye gramu 100 za maji kwa nyuzi 50. Hakuna kaboneti humo, mmepima wenyewe. Anzeni kurekodi spektra kila dakika, kisha wekeni bika kwenye barafu huku mkikoroga, na mkifika nyuzi 20 dondosheni punje moja ya nitreti kavu. Tazameni 1048 ikifupika na 1068 ikichomoza pembeni yake. Andikeni joto lililokuwepo kilele cha pili kilipoonekana mara ya kwanza, halafu waonyesheni wenzenu kiasi cha kaboneti ambacho programu imeandika kwenye jedwali.